Zamu Iliyotoka Kwenye Upinde

Bob Wills, mpiga fidla wa Marekani na kiongozi wa bendi ya Texas Playboys, hakuwapangia wanamuziki wake mapema nani angepiga solo. Wimbo ukiwa umekolea, aliunyoosha upinde wa fidla yake kuelekea mmoja wao, na huyo alitakiwa kuitika papo hapo. Ndiyo maana Texas Playboys walipiga huku jicho moja likiwa kwa kiongozi, nao muziki wao ukawa na uchangamfu ambao mazoezi peke yake hayauzai.

Wills alizaliwa Texas mwaka 1905, katika ukoo wa wapiga fidla. Utotoni alichuma pamba pamoja na vibarua weusi, na bluzi zao zikamkaa damuni. Huwezi kuusifu ufundi wake ukawasahau watu hao.

Mwaka 1931, mjini Fort Worth, alikuwa miongoni mwa walioanzisha Light Crust Doughboys, bendi iliyotangaza unga wa ngano redioni. Wenye kinu kilichosaga unga huo hawakutaka bendi yao ipige kwenye dansi. Wills aliondoka 1933, akaunda kundi lake, na mwaka uliofuata akatua Tulsa, Oklahoma, kwenye redio ya KVOO.

Hapo ndipo mtindo wake, swing ya Magharibi, ulipopata mwili. Katika ukumbi wa Cain's watu walikuja kucheza, na kila chombo kilipaswa kuwafaa wachezaji. Bendi za fidla hazikuwa na desturi ya drams. Wills akamwajiri Smokey Dacus azipige, ili mdundo usikike hadi ukutani. Akaongeza saksofoni na tarumbeta, na Leon McAuliffe akaliliza gitaa la kulaza mapajani. Fidla ya shambani na jazi ya mjini zikakaa jukwaa moja bila kuoneana haya. Kwa maoni yangu, hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya.

Wanamuziki waliomfuata waliulipia urithi huo kwa jasho. Merle Haggard, mwimbaji aliyekwisha kuwa nyota, alijifunza fidla ili arekodi albamu ya kumuenzi Wills mwaka 1970. Mwaka huohuo Ray Benson na wenzake walianzisha Asleep at the Wheel, bendi iliyohamia Austin baadaye. Wanamuziki wameingia na kutoka, Benson akabaki. Mwaka 2015 walitoa albamu nyingine ya nyimbo za Wills, miaka 40 baada ya kifo chake, nazo bado ni nyimbo za kuchezeka.