Mwanafunzi wa Kiafrika katika Beijing: Kitabu cha Emmanuel Hevi na Suala la Lugha

Emmanuel John Hevi, Mghana aliyekwenda Beijing mwaka 1960 kusomea udaktari, alitoa kitabu London mwaka 1963 kiitwacho An African Student in China. Aghalabu kitabu hiki hutajwa na watu wa siasa, na wengi wakitajao huwa wamekwisha kukata shauri kabla ya kukifungua. Wapinzani wa China walikishangilia. Marafiki zake walikipuuza. Mimi nataka kukitazama kwa jicho la mtu wa lugha, maana naona upungufu wake mkubwa umo katika jambo ambalo mwandishi mwenyewe alilitaja, kisha akalipita upesi.

Kwanza haki yake apewe. Hevi ni shahidi wa macho. Alikuwako wakati wa dhiki kuu ya chakula iliyoikumba China tangu 1959 hata 1961, na alikuwa kiongozi katika umoja wa wanafunzi wa Kiafrika mjini humo. Kwa hesabu yake, kati ya Waafrika 118 waliokuwa wakisoma China, 96 waliondoka. Idadi kama hiyo haielezeki kwa utundu wa vijana wachache. Sababu azitajazo ni mafunzo ya siasa yasiyotakiwa, ugumu wa lugha, kiwango duni cha masomo, upweke, kupelelezwa, na ubaguzi wa rangi.

Hapa ndipo ninapohitilafiana naye. Ameiweka lugha katika safu pamoja na mengine, kama kwamba ni dhiki moja miongoni mwa dhiki. Kwa maoni yangu, lugha imo ndani ya kila moja ya hizo nyingine. Tuchukue kiwango cha masomo. Mwanafunzi aliyejifunza Kichina muda wa mwaka mmoja hivi anaketi kusikiliza somo la sayansi kwa lugha hiyo hiyo. Naye mwalimu, ajuaye kuwa wasikilizaji wake waambulia nusu ya maneno, hulazimika kulirahisisha somo mpaka likawa si somo tena. Mwanafunzi atatoka akisema elimu ni duni, na hatakuwa mwongo. Walakini uduni huo una asili yake, na mkosoaji wa elimu hana budi kuitafuta.

Kadhalika upweke. Urafiki hautungwi kwa sentensi za kitabu cha darasa la kwanza.

Kisa kinachotuhusu sisi watu wa pwani kuliko vyote ni cha Machi 1962. Mwanafunzi wa Kizanzibari alikwenda kununua sigara katika hoteli moja mjini. Ugomvi ukazuka, akapigwa na wafanyakazi wa hoteli. Kisa hicho kiliwasha hasira ya wanafunzi wenziwe, nao wengi wakadai kurudishwa makwao. Msomaji wa fani yetu angependa kujua jambo dogo: maneno gani yalisemwa pale mbele ya muuzaji?

Si swali la upuuzi. Katika Kichina, kununua na kuuza ni silabi moja, mai. Kinachoyatenga ni toni tu, ya tatu kwa kununua na ya nne kwa kuuza. Mswahili, ambaye lugha yake huweka mkazo katika silabi ya pili toka mwisho na haina toni za kutenga maana, hukosea hapo kwa urahisi kuliko Mghana ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kitwi au Kiewe, lugha zenye toni. (Mwandishi wa makala haya, alipokuwa mwanafunzi mjini humo miaka mingi baadaye, alimwambia mwenye duka kwa ufasaha kamili kwamba amekuja kumuuzia mayai. Mwenye duka alicheka, nami nikacheka.) Tena, sigara ina maneno yake ya kuhesabia: zhi kwa sigara moja moja, he kwa pakiti, tiao kwa katoni nzima. Mtu aliyezoea ngeli zetu hapaswi kulistaajabia jambo hili, lakini kulijua ni kitu kimoja na kulikumbuka mbele ya muuzaji aliyekunja uso ni kingine. Na katika mwaka ule wa mgao wa bidhaa, pakiti na katoni hazikuwa sawa kamwe.

Sisemi kuwa toni ilileta kipigo. Kipigo ni kipigo, na ushahidi wa Hevi juu ya ubaguzi wa rangi haufutiki kwa sarufi. Nasema tu kwamba mahali ambapo watu hawasikilizani, kila mmoja humtafsiria mwenziwe nia, na aghalabu nia iliyo mbaya. Posho ya mgeni ilikuwa kubwa kuliko ya mwenyeji mwenye njaa. Chuki ilikuwa na kuni zake tayari. Hevi angaliitazama lugha kwa makini, kitabu chake kingalituonyesha jinsi chuki hiyo ilivyowaka, mbali ya kutuambia kuwa iliwaka. Kitabu chake cha pili, The Dragon's Embrace, cha 1967, kimeiacha bweni na kuingia katika mabishano ya mataifa, nami nakiona dhaifu zaidi kwa sababu hiyo.

Upungufu mwingine si wake, ni wetu. Kisa cha Mzanzibari yule kinasimuliwa na Mghana kwa Kiingereza. Kumbukumbu za Ali Sultan Issa, ambaye naye aliijua China ya siku zile, zilitoka mwaka 2009 kwa kalamu ya G. Thomas Burgess, nazo ni kwa Kiingereza vile vile. Hali Kiswahili kilikuwa kikisikika Beijing kwenyewe: Redio Peking ilianza matangazo yake ya Kiswahili mwaka 1961, kabla ya ugomvi wa sigara.

Kijana wa leo aweza kuanza Kichina katika Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2013, kabla hajapanda ndege. Vijana wa 1962, walio hai, sasa wamepita miaka themanini. Mwenye kinasa sauti na aende kwao Unguja na Pemba, awaulize kwa Kiswahili, na asianze na siasa. Aanze na maneno waliyofundishwa wiki ya kwanza, nani aliyewafundisha, na neno gani walilitumia walipotaka kununua sigara.