Spoku ya Omogaka

Jumamosi iliyopita, harusini hapa Nyamarambe, simu zote zilielekezwa kwa Land Rover Series III ya turubai iliyowaleta maharusi. Windskrini inang'aa, fremu nyeusi kama kiwi ya viatu, utepe mwekundu kwenye boneti. "Fundi wa hii ni mwisho!" jirani yangu akasema. Nilinyamaza kwa heshima ya bibi harusi. Leo siko harusini.

Kazi ya vioo, kama ni ya juzi, huanzwa kukaguliwa kwa pua. Sogea kwenye fremu unuse. Ukisikia harufu ya siki, ondoka. Silikoni ya bei rahisi hutoa asidi ya siki inapokauka, na asidi hiyo hula chuma. Bodi ya Land Rover ni alumini, haina haraka ya kuoza, kwa hiyo mwenye gari hulala usingizi huku fremu ya chuma ikiliwa kutoka ndani.

Kioo chenyewe ni bapa, vipande viwili, na ubapa huo ndio uliowafungulia mlango matapeli. Duka lolote la vioo vya nyumba litakukatia kipande kinachoingia sawasawa. Omba kukiona kabla hakijafungwa. Kioo cha tabaka kina mstari ukingoni, ule utando wa plastiki uliobanwa katikati. Kisipokuwa na mstari wala chapa, hicho ni cha dirisha la jikoni. Nilimjua mmoja aliyechora chapa yake mwenyewe kwa asidi. Alisahau kwamba anachorea upande wa ndani, maandishi yakasomeka kinyumenyume, na bado aliuza.

Mikwaruzo ya waipa? Kaa kwenye usukani, tazama mlingoti wa stima, sogeza kichwa polepole. Mlingoti ukipinda, kuna mtu amesugua mahali pamoja mpaka akachimba bonde. Heri angeuacha mkwaruzo.

Na fremu iwe rangi ya bodi. Nyeusi ni ya mkokoteni. Usiniulize kwa nini.

Sasa tufike kwenye madirisha ya milango, ambako hakuna anayepiga picha. Vioo vyake havipandi wala kushuka. Husukumwa mbele na nyuma ndani ya mfereji uliotandikwa felti. Felti hunywa maji, nasi huku kwetu hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Nimeona mifereji iliyoota kuvumwani kama jiwe la mtoni. Ndiyo maana chini yake kuna vitundu vya kutolea maji. Fundi mgeni akiviona hudhani ni kasoro, anaviziba kwa silikoni. Aliye mjanja kidogo havizibi, ila hutandika felti mpya juu yake bila kuitoboa, na hapo hajafanya lolote.

Miaka ya 1980 tulikuwa na omogaka, yaani mzee, aliyefanya kazi chini ya mparachichi. Alitoboa felti kwa msumari uliotiwa moto, tundu juu ya tundu, kisha akapitisha spoku ya baiskeli. Spoku ikikwama, kijana wake anabandua felti yote na kuanza upya, hata kama mwenye gari amesimama hapo na pesa mkononi. Mwisho alinyunyiza vumbi la jiwe la sabuni alilookota kwa wachongaji wa Tabaka, laini kama poda, na kioo kikateleza kwa kidole kimoja. Siku hizi wanapulizia mafuta, na wiki ya pili kuna ugali wa vumbi mle ndani.

Pale harusini, watu wakiwa kwenye chakula, nilichukua chupa ya maji nikamimina kidogo kwenye mfereji wa mlango wa dereva.

"Mzee, unafanya nini?" dereva akauliza.

"Naangalia tu, kijana."

Keki ilipokuwa ikikatwa nilirudi. Maji yalikuwa palepale, na sisimizi mmoja alikuwa anaogelea.