Kwanza Legeza Mfuniko

Injini ya boti ikizimika kati ya kisiwa cha Bumbire na bara, baada ya kukimbia vizuri kwa dakika kumi na kitu, asiyeijua kazi hufungua kava na kuanza kuchokonoa kabureta. Fundi hugusa mfuniko wa tangi. Juu yake kuna kiskrubu kidogo cha kupitishia hewa. Kikisahaulika kimefungwa, hewa haiwezi kuingia kuchukua nafasi ya petroli inayonyonywa, tangi linajivuta ndani, na injini inakufa kwa kiu ilhali mafuta yapo. Ukikilegeza unasikia hewa ikifyonzwa, unavuta kamba mara mbili tatu, safari inaendelea. Kwa kuwa kazi hiyo haimalizi hata dakika moja, wengi hawaihesabu kuwa ufundi. Mimi naihesabu kuwa ufundi wenyewe. Kushika spana kila mtu anaweza kufundishwa kwa wiki moja. Kinachochukua miaka ni kujua kipi kishukiwe kwanza, kipi kiachwe hadi mwisho, na kwa nini. Sifa ya fundi wa mashine za ziwani, kuanzia Nyamukazi pale Bukoba mjini hadi visiwa vya Muleba, imo katika mpangilio huo wa kushuku.

Mazingira yenyewe yanaulazimisha. Goziba, Kerebe, Ikuza na Bumbire si mahali ambapo mtu anatembea hadi duka la vipuri na kurudi kabla chai haijapoa. Boti ya mbao yenye injini ya nguvu za farasi 15 au 40 ndiyo inayobeba dagaa, sangara, ndizi, wanafunzi na mama mjamzito anayewahishwa hospitali. Kipuri kisichopatikana kisiwani kinasubiri Bukoba au Mwanza. Tena kuna jambo ambalo gereji ya nchi kavu hailijui: boliti iliyoponyoka mkononi huku chombo kikiyumba haiokotwi. Kwa hiyo kila kinachofunguliwa bila sababu ni hasara inayotafutwa kwa makusudi, na fundi mwenye akili huanza na visivyohitaji kufunguliwa.

Injini inataka vitu vitatu: mafuta yaliyochanganyika na hewa kwa kipimo, mgandamizo ndani ya silinda, na cheche kwa wakati wake. Maelezo hayo yamo katika kila kitabu, na peke yake hayamfikishi mtu popote. Fundi anayageuza kuwa maswali yenye zamu. Je, kile kibanio cha kamba ya usalama kipo mahali pake? Kikichomoka hakuna cheche hata ukivuta hadi mkono ufe ganzi. Kisha ile pampu ya mpira yenye umbo la yai kwenye bomba la mafuta: ukiiminya ikabaki laini haijai, hewa inaingia mahali fulani upande wa tangi au mafuta hayafiki; ikibonyea na kubaki bapa, kuna kizuizi nyuma yake, na hapo ndipo mfuniko unapokumbukwa; ikiwa ngumu kama jiwe na injini bado haipati mafuta, basi tangi halina kosa na macho yahamie kwenye kabureta. Miminyo mitatu imegawa mashine nzima sehemu mbili. Halafu inatolewa plagi, nayo husomwa kama mganga asomavyo ulimi wa mgonjwa. Ikiwa na rangi ya kahawa iliyokaangwa nusu, hali ni njema. Nyeusi na yenye kulowa inasema mafuta au oili imezidi, au cheche ni dhaifu. Nyeupe yenye malengelenge inasema kuna joto la kupita kiasi, na hiyo ndiyo ya kuogopwa, maana inayofuata ni pistoni kuganda. Petroli ikitiliwa shaka, inamiminwa kwenye chupa ya kioo na kuachwa itulie. Maji, kama yamo, yatakaa chini. Mafuta yanayosafiri kwa madumu chini ya mvua za Kagera hayastahili kuaminiwa kwa kuangaliwa juu juu.

Mpangilio huu si wa ziwani pekee. Chukua chombo kilicho mbali kabisa na samaki: bastola ya shabaha ya .22, inayotumika hata kwenye Olimpiki katika mashindano ya mita 25. Risasi yake hubeba baruti ya kuwashia ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, na pini ya bastola huugonga ukingo huo. Baruti ikiwa haikuenea sawasawa, risasi inaweza isilie ingawa bastola ni nzima kabisa. Na kwa kuwa kichwa cha risasi ni cha madini laini ya risasi yaliyopakwa nta au grisi, uchafu hujaa upesi pale ganda linapoingia na kutolewa. Mpiga shabaha aliyefunzwa, mlio ukikosekana, kwanza anatulia huku mtutu ukiwa umeelekea kwenye shabaha, kwani risasi yaweza kuchelewa kulipuka. Kisha anashuku risasi, halafu magazini, halafu uchafu, halafu pini. Springi za kifyatuo huja mwisho, na pengine hazifikiwi kabisa. Naye mwenye pupa ya kusafisha, anayesugua mdomo wa mtutu kwa fimbo ya chuma kila siku, huiharibu shabaha aliyodhani anaitunza. Cha bei rahisi kwanza, kimoja kwa wakati mmoja, na mkono usizidi akili: fundi wa Kerebe na mpiga shabaha wa Ulaya wangeelewana bila mkalimani.

Kuna watakaosema nawapamba watu wanaobahatisha. Fundi wa mwaloni, watasema, hakupita chuo cha ufundi cha VETA, hajui kanuni za mwako, anajaribu hili na lile hadi mojawapo likubali. Ni kweli wapo wanaobahatisha, na wanajulikana kwa wingi wa skrubu zinazobaki baada ya kazi. Lakini kujaribu si kubahatisha. Mwaka 1976 mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery walishirikiana na wazee wa Kihaya kuwasha upya tanuri la kuyeyushia chuma, kazi iliyokuwa imeachwa kwa miongo mingi baada ya chuma cha kigeni kujaa sokoni. Wazee walikuwa na kumbukumbu, hawakuwa na mazoea. Mwanzo mambo hayakwenda walivyotaka. Wakatazama kilichokwama, wakarekebisha, wakarudia, mpaka chuma kikatoka. Habari ziliandikwa katika jarida la Science mwaka 1978, zikihusishwa na mabaki ya tanuri zenye umri wa zaidi ya miaka 1,500 katika nchi hiihii ya Kemondo na Katuruka. Wataalamu wanabishana hadi leo kama kweli hewa ya mivukuto ilipashwa moto kabla ya kufika kwenye mkaa. Mabishano hayo ni yao. Kwangu ushahidi uko kwenye namna wazee walivyolikabili kosa: hawakubomoa yote wakaanza upya kwa hasira, walilitafuta. Anayebadilisha vitu vitatu kwa mkupuo injini ikawaka hajui kilichoiponya, na kesho itamsumbua tena. Anayebadilisha kimoja, akavuta kamba, akasikiliza, huyo anafanya sayansi, awe na cheti au asiwe nacho.

Pingamizi la pili lina makali zaidi. Fundi hula kwa vyombo kuharibika. Atawezaje kumfundisha mwenye boti visiharibike? Sitajifanya kwamba wote ni waaminifu. Ila mwaloni hapana siri. Injini iliyotengenezwa jana ikirudi ikivutwa na kasia, inarudi mbele ya watu walewale walioona fundi akilipwa. Isitoshe, utunzaji wenyewe ni kazi inayohitaji jicho lake. Nailoni ya nyavu hujizungusha kwenye shafti ya propela na kuikata sili polepole. Hakuna mlio, hakuna moshi. Dalili ni oili ya gia: ukilegeza skrubu ya chini ikatoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameshaingia, na wiki chache mbele gia zitasagika. Gugumaji, ambalo Mto Kagera haujachoka kulileta ziwani, na mchanga wa ufukweni huziba njia ya maji ya kupoozea na kuila impela ya mpira. Ndiyo maana mwendeshaji mzuri hugeuka nyuma kila mara kuangalia kama injini bado inakojoa. Mchirizi ukififia, kwanza anachokoa kitundu chake kwa waya. Kufungua mguu wa injini kunangoja. Na ipo hesabu ya oili ya kuchanganya, ambayo kwa injini nyingi za mipigo miwili za aina hii ni sehemu moja kwa 50, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20. Anayekisia kwa kofia ya chupa huku akipiga soga anaokoa shilingi za leo kwa pistoni ya mwezi ujao.

Sasa zinakuja injini za mipigo minne zenye kompyuta ndani, na wapo wanaotangaza kwamba ufundi wa kusikiliza na kuminya umefikia mwisho: chomeka kifaa, soma namba ya hitilafu, badilisha kipuri. Kifaa hicho ni msaada mkubwa na ni ujinga kukikataa. Kitaandika kwamba presha ya mafuta imeshuka. Hakitaandika kwamba mtu fulani, alfajiri, akihofia petroli isimwagikie magunia ya dagaa, alikaza kile kiskrubu cha mfuniko akakisahau.