Miguu Inayosoma Maji: Kulizunguka Bwawa la Ndakaini

Kulizunguka bwawa la Ndakaini kwa miguu katika msimu wa manyunyu ni ufundi, tena ufundi unaostahili heshima kuliko unavyopewa. Bwawa hilo, liitwalo pia bwawa la Thika, liko Gatanga, kaunti ya Murang'a, chini ya safu ya milima ya Aberdare. Lilikamilika mwaka 1994. Tuta lake lina kimo cha mita 65 hivi, na likijaa hushika maji ya mita za ujazo milioni 70. Maji hayo hupita kwenye mahandaki hadi Ng'ethu, yanakosafishwa, kisha hushuka Nairobi, na sehemu kubwa ya jiji huyategemea.

Ifikapo Julai masika yamekwisha, lakini jua bado halijarudi. Wingu hulala juu ya vilima tangu alfajiri na kuachia manyunyu membamba ambayo hayasikiki yakianguka. Husikika yakidondoka kutoka kwenye majani ya mikaratusi. Mtu hulowa bila kujua ni saa ngapi alianza kulowa.

Gambuti ndicho kifaa cha kwanza, na cha pili ni fimbo. Udongo wa huko ni mwekundu, wa asili ya volkano, na ukilowa huwa sabuni na gundi kwa pamoja: mteremkoni hutelezesha, bondeni huganda kwenye soli mpaka kiatu kikawa kizito kama jembe. Mtembezi mzoefu hukanyaga kwa wayo mzima, hufuata ukingo wenye nyasi, na akiteremka hukunja magoti na kukingamisha mguu. Fimbo hutangulia. Ikichomolewa, tundu lake hutazamwa: likijaa maji papo hapo, ardhi hiyo imeshiba na haibebi mtu; likibaki tupu, njia inapitika. Ni jambo la kufumba na kufumbua, lakini ndani yake mna elimu yote ya safari hiyo, yaani kujua maji yako wapi kabla ya kuyakanyaga.

Elimu hiyo walio nayo kwa ukamilifu ni wachumaji chai. Huingia shambani asubuhi wakiwa wamejifunga nailoni kiunoni, vikapu mgongoni, na vidole vyao hukata majani mawili na kichipukizi bila macho kutazama. Vijia vyao havishuki moja kwa moja bondeni. Hukata mteremko kwa ubavu, na mgeni anayevifuata huteleza mara chache. Michai yenyewe imeshonana kiasi kwamba tone la mvua hugonga jani kwanza, likafika ardhini likiwa limeishiwa nguvu. Palipoachwa wazi, mvua hiyohiyo huchimba vijito vyekundu.

Ndiyo maana mahali pa kusimama muda mrefu zaidi ni pale mito inapoingia bwawani. Thika, Githika na Kayuyu huleta maji ya milimani, na tangu mwaka 2022 kuna pia handaki la kilomita 11.8 linaloleta maji ya Irati, Gikigie na Maragua. Mkondo unaotoka msituni huingia ukiwa mweusi na safi, kokoto zikionekana. Unaotoka kwenye mteremko uliolimwa bila matuta huingia na rangi ya matofali, nayo rangi hiyo hutanuka polepole kisha hutoweka. Udongo haujaondoka, umetua chini, na kila kinachotua hupunguza nafasi ya maji. Ukame uliosababisha mgao wa maji Nairobi mwaka 2017 uliyavuta maji ya bwawa mbali na kingo zake. Anayelizunguka kwa gari huona uso wa maji tu. Anayetembea huona yanavyofika hapo, na hiyo ni tofauti kubwa sana.

Chakula cha mchana ni nduma za kuchemsha, ambazo hulimwa kandokando ya mito hiyohiyo, na chai kutoka kwenye thamosi. Jioni ukungu huteremka hadi mnara wa kuchukulia maji ukapotea, na ng'ambo ikabaki sauti za mbuzi. Kabla ya kuondoka, gambuti hukwanguliwa kwa kijiti. Kazi hiyo hufanyiwa juu kwenye nyasi, mbali na ukingo, ili udongo wa soli usiingie majini.