NDIVYO SIVYO: Mshukiwa si jambazi, na vyuo vyafaa kulifunza hili kwa Kiswahili

Majuzi mwanafunzi wa uanahabari katika chuo kikuu kimoja cha umma, aliyekuwa kwenye mafunzo ya nyanjani, aliniletea habari ya mahakamani niihariri. Ilianza hivi: ‘Jambazi sugu aliweza kufikishwa mahakamani hapo jana ambapo aliweza kukanusha mashtaka.’

Tuanze na ‘aliweza’, neno lililoenea redioni kama kwekwe. Kuweza ni kuwa na uwezo au nafasi ya kutenda jambo. Ukisema mtu ‘aliweza kukamatwa’, unampa sifa, kana kwamba alikuwa akizitafuta pingu kwa udi na uvumba! Aliyefikishwa mahakamani alifikishwa, basi.

Kosa hilo hukera sikio tu. Lililonishtua ni ‘jambazi sugu’. Mshukiwa ni mtu anayedhaniwa kutenda kosa. Huenda hata hajakamatwa. Akishasomewa mashtaka, ni mshtakiwa. Haitwi jambazi mpaka mahakama impate na hatia. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mshtakiwa haki ya kuchukuliwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Gazeti likimwita jambazi leo, kisha aachiliwe huru, linaweza kujipata kizimbani kwa kumharibia jina. Na hata lisiposhtakiwa, wanawe watakuwa wameshachekwa shuleni.

“Mwanangu, hukufunzwa sheria za vyombo vya habari?” nikamuuliza.

“Tulifunzwa, mwalimu. Lakini si unajua, yote ilikuwa kwa Kizungu.”

Nikamwomba aiandike sentensi ile kwa Kiingereza. Aliiandika bila kusita, na hakukuwa na jambazi hata mmoja ndani yake.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodai kwamba aliyeielewa sheria atajitafsiria mwenyewe. Saa ya kufunga ukurasa haina nafasi ya kutafsiri. Mwandishi hunyakua neno lililo karibu, na lililo karibu ni lile la mtaani. Uandishi wa habari umefunzwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 1970, na leo vyuo kadhaa vya umma vina kozi hiyo. Wahitimu wengi huishia kwenye stesheni za Kiswahili. Huyu wangu, kwa miaka minne, alikuwa amesoma somo moja tu la kuandika habari kwa Kiswahili. Lililobaki la lugha aliachiwa aokote kwa watangazaji. (Nao, tumeona, ‘wanaweza’ kusema lolote.) Kwa nini asikalishwe mahakamani na daftari lake, arudi darasani na habari ya Kiswahili, na mhadhiri aikosoe neno kwa neno?

Tuliirekebisha habari ile pamoja, ikachapishwa ikiwa na ‘mshtakiwa’. Wiki iliyofuata aliniletea nyingine. ‘Jambazi’ halikuwamo. ‘Aliweza’ lilikuwamo mara tatu.