Gitaa la Katikati

Kanda ya kwanza niliyoinunua kwa pesa yangu ilikuwa ya Mlimani Park Orchestra, wana Sikinde. Niliinunua Kariakoo katikati ya miaka ya 1980, na ndiyo iliyonifundisha kusikiliza gitaa. Kusikia nilikuwa nasikia tangu zamani. Sikinde ilipenya madirishani kwa majirani, ilitoka kwenye mabaa ya mtaani, ilitoka Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), redio ambayo nchi nzima iliitegemea. Lakini wimbo wa redioni ukishapita umepita. Kanda ni mali yako: unairudisha nyuma, unalirudia swali lako palepale uliposhindwa kuelewa.

Kijana wa leo huenda akashangaa kuwa kanda hiyo haikuwa na kampuni wala jalada. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi iliyotaka santuri ilitazama Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, njia hiyo ilikuwa ngumu hadi 1983. Mlimani Park, iliyozaliwa mwaka 1978, ilikulia ndani ya miaka hiyo. Nyimbo zake zilirekodiwa RTD, tepu zikabaki RTD, na mtaa ukajinakilia kutoka hewani. Hapo ndipo walipoingia warekodi kanda na vibanda vyao. Ulinunua kanda tupu, ukafunua daftari la majina ya nyimbo, ukachagua, ukalipa, ukarudi jioni. Mimi nilichagua "Neema", "Nalala kwa Tabu", "Barua toka kwa Mama" na nyingine, na nafasi iliyobaki nikamwachia mwenye kibanda aijaze. Alijua kazi yake. Upande wa kanda ya dakika 60 unabeba nusu saa, na nyimbo za Sikinde ni ndefu, lakini alizipanga hata hakuna wimbo uliokatwa kichwa wala mkia. Kwenye karatasi ya ndani aliandika majina ya nyimbo kwa kalamu ya bluu, herufi moja moja, wima. Majina ya wapigaji hayakuwapo, na wala sikumdai.

Pale nyumbani betri ndiyo iliyokuwa mali. Kurudisha kanda nyuma kwa redio kuliila betri, kwa hiyo tuliichomeka kalamu kwenye tundu la gurudumu tukaizungusha kwa mkono. Mkono nao ukajifunza: mizunguko kadhaa, umerudi mwanzo wa ubeti, mingi zaidi, umerudi mwanzo wa wimbo. Sidhani kama ningeufahamu muziki ule vile nilivyoufahamu kama kuurudia kungekuwa rahisi.

Mwanzoni nilifuata sauti, kama kila mtu. Nani angeziacha? Cosmas Tobias Chidumule katika "Neema" anaimba kama mtu aliyekaa karibu nawe kibarazani. Hassan Rehani Bitchuka anapanda juu bila kukaza shingo. Muhiddin Maalim Gurumo, aliyetoka NUTA Jazz na uzito wake wote, anashika chini. Wakiungana kwenye kiitikio unasikia watu watatu waliokubaliana. Bendi ingekuwa na sauti hizo tu, ingetosha kupendwa.

Ila kanda ikichezwa sana, sauti unazimaliza. Maneno unayajua, unayatangulia, na sikio likikosa la kufanya linaanza kuteremka. Langu liliteremka likakuta magitaa. Nilidhani ni gitaa moja linalopigwa na mtu mwenye vidole vya ajabu. Ilinichukua muda mrefu kugundua kuwa wako zaidi ya mmoja: kuna solo, kuna solo la pili, kuna rithimu, na chini yao kuna besi. Walikuwa wakipiga vitu tofauti kabisa kwa wakati mmoja, na hakuna aliyemkanyaga mwenzake.

Hapa ndipo penye ufundi ninaotaka kuusifu. Solo linatamka msemo mfupi juu, kwenye nyuzi nyembamba, kisha linatulia kidogo. Katika utulivu huo solo la pili linaingia na msemo wake, chini kidogo, ambao ukiutenga peke yake ni kitu kidogo tu, noti chache zinazojirudia. Likirudi solo, la pili haliondoki. Linapita chini pale mwenzake anapopita juu, kama miyaa ndani ya ukili. Rithimu inakaa katikati yao. Mpigaji wake hakung'uti nyuzi zote kwa pamoja. Anazigusa moja moja, anazunguka zile kodi tatu ambazo wimbo mzima umesimama juu yake, bila kuchoka, dakika baada ya dakika. Nayo besi, ambayo mgeni angedhani itajaza kila pigo, inaacha mashimo. Inapiga, inanyamaza, inapiga tena pale usipoitarajia, na tumba zinajibu ndani ya shimo lile. Mwili hucheza kwa sababu ya yale mashimo.

Subiri sasa chemko. Waimbaji wamekwisha kusimulia, saksafoni na tarumbeta zimekwisha kupita, kisha ghafla magitaa yanabaki wazi na mwendo unakaza. Hapo watu wa ukumbini hulishangilia solo, na ni haki yake. Lakini mimi, nimeinama kwenye spika ndogo ya redio kaseti, nilikuwa namsubiri yule wa katikati, mpigaji wa rithimu. Mpigaji wa solo anapata ruhusa ya kutembea. Wa katikati hana ruhusa hiyo. Akiteleza kidogo, akaongeza pambo kwa sababu tu anaweza, wote wanayumba. Ana vidole vya kumtosha kuwa solo mahali pengine popote, na bado anashika msemo wake uleule mpaka mwisho. Kwangu huo ni ustadi mkubwa kuliko kasi yoyote ya vidole.

Ukumbuke pia jinsi walivyorekodi. Bendi iliingia studio ikapiga kwa pamoja, waimbaji na mapulizo na magitaa, hapakuwa na nafasi ya mtu kurudi kesho kubandika gitaa lake juu ya wenzake. Nani asikike na nani apungue, hilo liliamuliwa na mikono ya wapigaji wenyewe, na mafundi mitambo wa RTD wakalinda walichopewa. Kiongozi wa bendi, Michael Enoch, alikuwa amekwisha kupata jina kwa gitaa katika Dar es Salaam Jazz kabla ya kushika saksafoni Mlimani. Mtu aliyeshika gitaa miaka mingi anajua hasa pulizo linapoanza kulifunika. Ndiyo maana, naamini, mapulizo ya Sikinde huja, husema lao, hutoka mlangoni mapema.

Mwaka 1985 Gurumo, Abel Balthazar na wenzao kadhaa walihamia Orchestra Safari Sound, mtindo wa Ndekule ukazaliwa. Mjini mabishano yakawa ya sauti: Sikinde itaimbaje bila Gurumo? Mimi niliichukua kanda yangu, nikailinganisha na nyimbo mpya zilizokuwa zikitoka redioni, huku na kule, nikifuatilia magitaa. Balthazar alikuwa mpiga gitaa, na pengo la gitaa halipigi kelele kama pengo la sauti. Uchungu wake nilikuwa nao peke yangu. Rafiki zangu walitaka kujua nani anaimba.

Tepu za RTD leo ziko mikononi mwa Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, na nyimbo zile zinapatikana kwenye simu ya mtu yeyote. Nafurahi. Nina maombi mawili kwa wanaozisafisha na kuzitoa upya. Kwanza, wasiiongeze besi kwa mashine ili ijaze spika za siku hizi, maana wakiyaziba mashimo yake wameizima ngoma yenyewe. Pili, waandike majina. Si ya waimbaji na mpiga solo pekee, hao tunawajua. Waende kwa wazee wa bendi wangali hai, wawachezee kila wimbo, waulize: hapa rithimu ni nani? Na hili solo la pili, ni mkono wa nani? Kisha walichape jina hilo kwa herufi zinazolingana na za wengine.