Nafasi Kati ya Alama

Barazani kwa babu kulikuwa na bao, na ndani ya bao kete 64. Sisi watoto tuliijua idadi hiyo bila kufundishwa. Kete moja ikipotea mchezo hauendi, na ni sisi tuliotumwa kuitafuta chini ya jamvi. Kwa nini 64 sikuwahi kujiuliza. Nilikuwa na miaka 42 usiku nilipozimwaga kete zile zile mezani na kuanza kuzipanga. Moja niliiweka kwenye kona. Tatu zikaikumbatia kwa umbo la pembe, zikawa nne, mraba wa mbili kwa mbili. Tano zikazikumbatia hizo nne, zikawa tisa. Nikaendelea na saba, tisa, kumi na moja, kumi na tatu. Nilipoweka kumi na tano, mkononi hapakubaki hata moja, na mezani palikuwa na mraba wa nane kwa nane.

Kanuni yenyewe nilikuwa nimeshaisoma juma moja kabla, katika kitabu nilichonunua kwa muuza vitabu vya mtumba: ukijumlisha namba witiri kuanzia 1, popote utakaposimama utapata mraba. Kuisoma niliisoma, ila kuiona ndiyo usiku ule. Kila pembe mpya inahitaji kete mbili zaidi ya ile iliyotangulia, kwa sababu kila mkono wa pembe umerefuka kwa kete moja. Uthibitisho wote ni huo. Mtoto wa darasa la tatu angeweza kuushika, nami nilikuwa nimefika utu uzima bila mtu kunionyesha.

Nikataka kuuandika, na kuuandika vizuri, kama zinavyoandikwa kurasa za vitabu vya hisabati ambavyo hata usipovielewa vinakufanya utulie. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza TeX, programu ya kompyuta ya kupanga kurasa.

Herufi ya mwisho ya jina hilo si eksi. Ni herufi ya Kiyunani, na sauti yake ni ile kh ambayo wazee wetu wa pwani bado wanaitamka katika subalkheri. Neno lenyewe linatokana na neno la Kiyunani lenye maana ya ufundi na ya sanaa kwa pamoja. Aliyeiunda programu hiyo ni Donald Knuth, wakati huo profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani. Mwaka 1977 aliletewa kurasa za majaribio za toleo jipya la juzuu ya pili ya kitabu chake kikubwa cha sanaa ya kuandika programu. Matoleo ya kwanza yalipangwa kwa herufi za risasi, na mafundi waliojua kuchomeka vipande vyembamba vya chuma kati ya alama na alama. Sasa viwanda vilikuwa vimehamia mitambo ya kupiga picha za herufi, na kurasa zilizorudi zilimhuzunisha. Akaweka kitabu kando atengeneze chombo cha kukipanga mwenyewe. Alidhani mwaka mmoja ungetosha. Ilimchukua karibu miaka kumi. Alipomaliza aliwapa watu wote bure, ndiyo maana mtu kama mimi, mwenye kompyuta kuukuu na jioni chache, anacho chombo kile kile wanachotumia wanahisabati wa dunia nzima.

Katika TeX huchori mlinganyo. Unaueleza kwa maneno na alama, halafu programu inaupanga. Kila fomula hufungwa kati ya alama mbili za dola, na Knuth alieleza kwamba alichagua dola kwa kuwa tangu zamani kupanga hisabati kulihesabiwa kazi ya gharama kubwa. Nilichokipenda zaidi ni kwamba huwezi kueleza kitu usichokielewa. Jicho linaposoma linaweza kuruka, na nadhani macho yangu yaliruka miaka yote ya shule. Mkono unaopanga hauruki.

Mfano ulionifunza ni ule wa mlinganyo wa kipeo cha pili, ambao kila aliyepita kidato cha pili ameukariri:

x = (−b ± √(b² − 4ac)) / 2a

Niliukariri kama shairi na ninaweza kuusema usingizini. Nilipokaa kuupanga, programu ikanitaka niseme kipeuo kinaishia wapi. Nikasimama. Kinaishia baada ya c. Na mstari wa sehemu unaanzia wapi? Chini ya kipeuo peke yake, au chini ya −b pia? Kwa miaka yote hiyo sikuwa na hakika. Tulifundishwa MAGAZIJUTO, mabano kwanza, lakini sikumbuki kuambiwa kwamba mstari wa sehemu wenyewe ni mabano: kila kilichoko juu yake ni kiasi kimoja, na kila kilichoko chini ni asili moja. Nililijua hilo siku nilipolazimika kulifungua bano na kulifunga kwa mkono wangu.

Ukiitazama fomula hiyo ilivyopangwa na TeX, na uitazame polepole, utaona ina alama mbili za kutoa na kila moja imekaa kwa namna yake. Ile ya kwanza, mbele ya b, imeishikilia b bila nafasi, kwa kuwa kazi yake ni kusema tu kwamba namba hii ni hasi. Ile ya pili, kati ya b² na 4ac, ina nafasi kila upande, kwa kuwa inatoa hiki kwenye kile. Hukuiambia programu tofauti hiyo. Imeijua kwa kutazama jirani: alama ya kutoa isiyo na kitu kushoto kwake haiwezi kuwa inatoa. Nafasi yenyewe ina kipimo. Upana wa nafasi kuu, ambao unalingana na ukubwa wa fonti, umegawanywa mafungu 18. Alama za kujumlisha na kutoa hupewa mafungu manne kila upande, alama ya kuwa sawa hupewa matano. Fungu moja la ziada, basi. Hilo fungu moja ndilo linalolifanya jicho litue kidogo zaidi kwenye usawa kuliko kwenye utoaji, kama msomaji mzuri anayejua wapi avute pumzi.

Kuna jambo dogo zaidi. Ile mbili ya b², ikiwa imesimama peke yake katika fomula iliyotengwa kwenye mstari wake, kwa fonti ya Knuth ya pointi 10 huinuliwa karibu pointi 4.13. Ikiwa chini ya dari ya kipeuo, huinuliwa pointi 2.89 tu. Tofauti haifiki nusu milimita. Mbili hiyo inainamishwa ili isigonge dari, kama mtu mrefu anayeingia mlango mfupi. Nani angeona kama isingeinamishwa? Hakuna ambaye angesema nini kimeharibika, lakini ukurasa ungechosha, na msomaji angejilaumu yeye kwa kuchoka. Knuth hakuyabuni haya kichwani. Alichukua majarida ya zamani yaliyopangwa na mafundi hodari, likiwemo Acta Mathematica la Sweden la miaka ya mwanzo ya karne iliyopita, akazichunguza nafasi zao ili ajue ni kanuni gani ilikuwa ikiongoza vidole vya watu wale. Ninawafikiria sana mafundi hao. Majina yao hayapo kwenye kurasa walizozipanga, lakini nafasi walizoziacha ziko kwenye kompyuta yangu.

Aya za kawaida nazo zina uungwana wao. Programu nyingi hujaza mstari, zikashuka, zikajaza mwingine, bila kujali wa chini utakuwaje. TeX huisoma aya yote kwanza, ikapima njia mbalimbali za kuikata, ndipo inapochagua pa kukata mstari wa kwanza. Mshairi wetu hufanya vivyo hivyo: haufungi mshororo wa kwanza kabla ya kujua kina kitakachomsubiri kwenye wa nne. Lakini Kiswahili kinaipa kazi. Maneno yetu ni marefu, na kanuni za kukata maneno ilizoanza nazo zilitengenezwa kwa Kiingereza. Basi ninapoandika maelezo yangu huionyesha mwenyewe pa kukata: m-li-nga-nyo, na kamwe si katikati ya ng. Huchukua muda. Sioni kama ni muda uliopotea.

Mpwa wangu, aliye kidato cha pili, alikuja Jumapili moja, akanisalimia, akaikuta karatasi yenye fomula ile juu ya meza.

"Mjomba, hii si ile ya darasani?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

Akaitazama muda mrefu. "Mbona hii inasomeka?"

Nikamwomba aninyooshee kidole kwenye alama mbili za kutoa, aniambie zinatofautianaje. Alichukua dakika nzima, kisha akacheka, na tukaendelea hadi chakula cha mchana kikapoa.

TeX yenyewe ina tabia ninayoipenda: namba ya toleo lake, kila linaposahihishwa, huongezwa tarakimu moja ya pai. Tangu 2021 imefika 3.141592653. Knuth ameagiza kwamba akifa, toleo liitwe pai yenyewe na lisiguswe tena.

Sasa niko kwenye namba za kipeo cha tatu. Ukijumlisha 1³ na 2³ unapata 9, ambayo ni mraba wa 3. Ongeza 3³ upate 36, mraba wa 6. Na 3 ni 1 + 2, na 6 ni 1 + 2 + 3. Nilipozirudia kete niliona ni pembe zile zile, ila safari hii zinanenepa: pembe ya pili ina unene wa kete mbili na inabeba 8, ya tatu ina unene wa tatu na inabeba 27. Ukurasa nimeshaupanga, na katikati nimeacha mahali pa mchoro. Pembe ya nne inabeba 64, kete zote za babu, na mraba mzima unataka 100. Nimempigia ndugu yangu aliyeko Bagamoyo. Huko mikomwe, ambayo mbegu zake ndizo kete za bao, haijaisha ufukweni, na ameniahidi komwe 36 zinazolingana.